Mwenye Kubaguliwa Hujifunza Nini?

Suali tutakalolizungumza hapa lilizuka katika kikao chetu cha darasa, likawagawa waliohudhuria, wala halikupata jawabu usiku ule. Suali lenyewe ni hili: mtu aliyelelewa chini ya dhuluma ya kubaguliwa kwa ajili ya rangi yake, je, dhuluma ile humfundisha uadilifu? Baadhi ya wenzetu walisema, naam. Kwani mwenye kuonja shubiri huujua uchungu wake, na aujuaye uchungu hawezi kumnywesha mwenziwe. Wengine wakasema, hasha. Kwani mara ngapi tumewaona waliofukuzwa jana wakifukuza leo? Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa katika kikao kile ndimi niliyekuwa mtoto mweusi katika nchi ambayo mji wake ulikatwa mapande kwa rangi za watu. Nikaomba muhula. Jawabu langu ni hili, nami nimeliandika kwa kuwa halikunijia kwa wepesi, wala halinisifu.

Mimi ni mtu wa Kombewa. Kombewa ni mji mdogo katika nchi ya Seme, magharibi ya Kisumu, yapata maili 20 kwa barabara iendayo Bondo. Kusini yake ni ghuba ya lile ziwa ambalo Waingereza waliliita Viktoria, nasi twaliita Nam Lolwe. Msomaji wa pwani asidhani kwamba habari za huko hazimhusu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, na mahali ilipokoma pakaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Ndipo penye mji wa Kisumu hii leo. Reli ile haikuchukua mizigo peke yake. Ilichukua maduka ya Wahindi, ikachukua lugha hii tuiandikayo, ikachukua na dini yetu hata ikafika katika nyumba ya baba yangu. Basi lililotendeka mwisho wa reli, na lililotendeka mwanzo wake, ni habari moja.

Mji wa Kisumu ulipangwa kama ngazi. Mwaka 1913 alikuja tabibu mmoja kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, kuitazama afya ya miji ya Afrika ya Mashariki, kwa kuwa tauni ilikuwa imezuka mara kadhaa. Shauri alilolitoa ni kwamba kila mji ugawanywe: Wazungu wakae kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na baina yao paachwe uwanja mtupu usiojengwa. Tazameni, ndugu zangu, jinsi jambo lilivyogeuzwa. Maradhi yaletwayo na panya na viroboto yakawa hoja ya kuwatenga wanaadamu! Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitoa waraka wake mashuhuri juu ya Kenya, ikaacha siasa ya kuitenga mitaa ya miji kwa amri ya sheria, japokuwa nyanda za juu ziliendelea kuwa za Wazungu. Lakini lile lililotoka katika sheria lilibaki katika hati za ardhi, katika kodi za nyumba, na katika macho ya askari. Wazungu walikaa Milimani penye upepo na miti. Wahindi katika mitaa ya maduka. Waswahili, Wanubi na wenyeji waliosilimu walikuwa na mtaa wao, Kaloleni. Na Mwafrika wa kazi alihesabiwa kuwa ni mgeni aliyekuja kutoa jasho na kurudi kwao jioni, ingawa ardhi yote ile ilikuwa ya babu zake.

Na hayo hayakuwa ya nyumba peke yake. Katika garimoshi daraja ya kwanza ilikuwa ya Wazungu kwa desturi, ya pili ya Wahindi, na ya tatu yetu. Palikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na fedha zilizotumiwa juu ya mtoto zilipungua kadiri alivyokuwa chini ya ngazi. Kazi moja ilikuwa na mishahara mitatu. Na kabla ya hapo, tangu miaka ya 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kipande kile kilipoondolewa baada ya Vita Vikuu vya pili, baba yangu hakukitupa. Alikiweka juu ya dari, na siku moja nilipomuuliza sababu, alinijibu: "Ili siku moja mtu asije akaniambia kwamba niliota."

Mwaka 1955 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Baba alikuwa mchukuzi katika gati ya Kisumu, na siku hiyo alinipakia nyuma ya baiskeli yake akanipeleka mjini, mara yangu ya kwanza. Alikuwa amekwenda kuzungumza na mtu, akaniambia nimngoje chini ya mti. Mbele yangu palikuwa na uwanja wa majani yaliyokatwa sawasawa, ukiteremka mpaka ufuoni, na ziwani mlikuwa na mashua ndogo zenye matanga meupe. Nalijua ziwa. Nilizaliwa kando yake, nikaoga ndani yake na kuvua omena. Sikujua kwamba lina upande ambao si wangu. Nikayakanyaga majani yale nipate kuziona mashua.

Aliyenifukuza hakuwa Mzungu. Alikuwa askari Mjaluo, mwenye kufuli na sare iliyopigwa pasi, naye alinisemesha kwa lugha ya mama yangu: "Ondoka, hapa si pako." Akaninyanyua kwa sikio. Nilipogeuka nikamwona baba amesimama na baiskeli yake, hatua chache kutoka pale, ameona yote. Akavua kofia yake. Hakusema neno. Tukaondoka, na maili zote za kutoka mjini hakunena, mpaka tulipofika Kisian ambapo njia ya Bondo hujitenga na njia ya Maseno. Hapo alisimamisha baiskeli, akaniambia: "Usimwambie mama yako."

Wapo watakaosema kwamba baba yule alikuwa mwoga. Mimi nilisema hivyo moyoni mwangu kwa miaka mingi, na Mwenyezi Mungu anisamehe. Mtu mwenye watoto sita na mshahara wa mchukuzi hupima neno lake kwa mizani ambayo mtoto haioni. Tom Mboya, aliyekuwa mwana wa Rusinga katika ziwa lile lile, amesimulia kwamba alipokuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi, aliingia mama mmoja wa Kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa, akatazama huku na huku, akauliza kama hapana mtu humo, naye Mboya amesimama mbele yake. Mboya alimjibu papo hapo kwamba huenda macho yake yana kasoro. Jawabu lile lapendeza, na watu wamelisimulia kwa furaha. Lakini Mboya alikuwa kijana asiye na mke, mwenye elimu na chama cha wafanya kazi nyuma yake. Si kila aliyenyamaza alikubali.

Sasa nitasimulia la pili, nalo ndilo lililonifanya niombe muhula usiku ule. Jioni ya siku hiyo hiyo tulirudi Kombewa, nikatoka kwenda kucheza. Palikuwa na mtoto wa jirani, rika langu, ambaye babu yake alikuja kutoka nchi nyingine akaomba ardhi kwa babu yangu, akapewa. Kwa Kijaluo mwenye ardhi ya asili huitwa *wuon lowo*, na mpangaji wa namna hiyo huitwa *jadak*. Jadak hulima na kujenga na kuzika wafu wake, lakini hata akikaa vizazi vitatu watu hawasahau kwamba ni jadak. Tukagombana kwa ajili ya mpira wa matambara. Nami, ambaye sikio langu lilikuwa lingali likiniuma, nilimwambia: "Ondoka, hapa si pako. Wewe ni jadak."

Maneno ya askari yalitoka kinywani mwangu yakiwa kamili, halikupungua hata moja. Hayakukaa kwangu hata mchana mmoja. Mama alikuwa akipeta mtama, akasikia. Hakunipiga. Aliniuliza tu: "Maneno hayo umeyatoa wapi?" Nami sikuweza kumjibu, kwa kuwa baba alinikataza.

Basi hebu tulitazame suali letu kwa jambo hilo dogo. Mtoto amefukuzwa asubuhi kwa dhuluma, na jioni amemfukuza mwenziwe kwa dhuluma ile ile. Je, uchungu ulimfundisha nini? Haukumfundisha kwamba kumfukuza mtu mahali ni dhambi. Ulimfundisha kwamba duniani mna wanaofukuza na wanaofukuzwa, na kwamba ni bora kuwa katika wale wa kwanza. Maumivu yalikuwa ya kweli. Lakini maumivu hayana ulimi. Huambia mwili "naumia" tu, wala hayaelezi sababu. Sababu mtoto huitafuta mwenyewe, na asipopata wa kumweleza, huichukua iliyo karibu naye. Na iliyo karibu ni ile ngazi.

Hiyo ndiyo hila ya ngazi. Kama ingekuwa ni ukuta mmoja, Mzungu upande huu na watu wote upande wa pili, ungeangushwa mapema. Lakini ngazi humpa kila mtu kipago cha kusimamia na mtu wa kumkanyaga. Mhindi alikatazwa nyanda za juu, lakini alikuwa na daraja ya pili ya garimoshi. Askari Mwafrika alikuwa na kufuli na sare juu ya mchukuzi. Mchukuzi alikuwa na ardhi ya babu yake juu ya jadak. Kila mmoja hutazama juu akasema "nimedhulumiwa", na husema kweli. Hatazami chini akaona wayo wake mwenyewe umekanyaga nini.

Na sisi wa pwani je? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasikunje karatasi. Katika zama za Waingereza watu wote waligawanywa makundi mawili kwa kodi na kwa hukumu: wenyeji, na wasiokuwa wenyeji. Mwarabu alitiwa katika kundi la pili. Waswahili wa Mombasa, wa Mataifa Kumi na Mawili, walijikuta wamesukumwa upande huu mara moja na upande ule mara nyingine, wakatumia miaka mingi kuandika madai wahesabiwe pamoja na Waarabu wala wasihesabiwe pamoja na wenyeji wa bara. Siwalaumu kwa kutaka haki. Mwenye kutiwa chini ya ngazi hupapatika. Nasema tu kwamba katika madai yale haikuulizwa sana kwa nini iweko ngazi. Iliulizwa, "kwa nini sisi tuwe katika kipago hiki?" Na ngazi hiyo haikuletwa yote kwa meli kutoka London. Utumwa uliondolewa kwa sheria katika pwani yetu mwaka 1907, lakini maneno yake, muungwana na mshenzi, mwenye asili na asiye na asili, tuliyaweka ndani kama urathi. Mwingereza alipokuja na mbao zake, alikuta misumari iko tayari.

Mwaka 1966 nilikuja Mombasa kutafuta kazi bandarini, nikapata. Nilikuwa Mwislamu mwana wa Mwislamu, nikisali na kufunga. Watu walinikirimu, na wema wao siukatai, lakini kila nilipotaja jina la kwetu niliulizwa, "Mjaluo na Uislamu, wapi na wapi?" Waulizao hawakujua kwamba Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba yetu, wako Waislamu wa Kijaluo tangu zama za babu zetu. Katika watu wa huko alikuwako Hussein Onyango Obama, aliyekuwa mpishi katika nyumba za Wazungu, ambaye mjukuu wake alikuja kuitawala Marekani kutoka mwaka 2009 mpaka mwaka 2017. Wengine waliniita chogo, mbele yangu, wakicheka, kama kwamba ni jina la mapenzi. Nikaposa katika nyumba moja. Mzee wa nyumba ile alinipa kahawa na halua, akaniambia kwa upole: "Dini yako twaikubali, kijana wangu, lakini kufu hatuioni." Nikatoka. Barabarani nikajikuta nimeshika sikio langu.

Laiti habari ingekoma hapo, ningekuwa mdhulumiwa safi, na makala haya yangenipendeza mwenyewe. Haikukoma. Nilioa baadaye kwa watu wema, nikapata watoto, nikajenga, nikawa mtu wa mji. Katika miaka ya 1990 alikuja mshenga kumposa binti yangu. Mposaji alikuwa kijana wa Kwale, seremala, hodari wa kazi, asiyekosa safu ya alfajiri. Alikuwa Mmakonde. Wamakonde hao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, wakazaa na kuzikwa Kwale, na watoto wao wasipewe uraia. Iliwapasa kungoja mpaka Oktoba 2016, walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, ndipo Serikali ikawatambua. Kwa hiyo kijana yule, wakati ule, hakuwa na kitambulisho, au kama wasemavyo watu wetu mpaka leo, hakuwa na kipande.

Binti yangu alimridhia. Mimi nilimwambia mshenga: "Kijana ni mzuri. Lakini watu hawa hawana kwao."

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Kombewa kututembelea, mzee sana, macho yamefifia. Alikuwa ameketi ukumbini na tasbihi yake. Mshenga alipoondoka, mama alisema neno moja tu, wala hakulirudia: "Jadak."

Nilikaa na neno lile siku saba. Nikamkumbuka baba, aliyeaibishwa kwa sababu ya kipande alichokivaa, nami nimemwaibisha mwana wa watu kwa sababu ya kipande alichokikosa. Siku ya nane nilimtuma mtu kumwita kijana. Hakuja. Alirudisha salamu kwa adabu kamili, akasema kwamba hana kinyongo, lakini hawezi kuurudia mlango uliomwuliza karatasi kabla ya kumwuliza sala yake. Binti yangu aliolewa baadaye mahali pengine. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lanitia uzito zaidi.

Basi, kwa waliosema usiku ule kwamba dhuluma humfundisha mtu uadilifu, mimi ni shahidi juu yao. Nilikuwa na mafunzo mawili, la Kisumu na la Mombasa, na yote mawili hayakunizuia. Lakini nao waliosema kwamba mdhulumiwa hana budi kuwa dhalimu, mimi siwafuati. Kwani mama yangu alipita njia ile ile ya Kisumu, akalipa kodi ile ile ya nyumba, naye hakuwa hivyo. Kilichokuwa baina yangu na yeye si wingi wa uchungu. Ni kwamba yeye aliutia uchungu katika fikira, akauuliza umetoka wapi. Suali alilonipa nilipokuwa na umri wa miaka tisa, "maneno hayo umeyatoa wapi?", ndiyo elimu yenyewe. Uchungu ni mbegu. Yaweza kuota mti wa haki, yaweza kuota mwiba. Huamua mkulima.

Tuna mfano wa mtu aliyejifunza mara mbili. Malcolm X alizaliwa Marekani mwaka 1925, mtoto mweusi katika nchi ambayo majimbo yake ya kusini yaliandika kwa rangi juu ya mifereji ya maji na viti vya mabasi nani anywe na nani akae, mpaka ilipotoka sheria ya mwaka 1964. Funzo lake la kwanza lilikuwa kuipindua ngazi: mweupe awe chini, shetani kwa kuzaliwa. Mwaka ule ule wa 1964 alikwenda kuhiji, akala na akasali pamoja na Waislamu wenye ngozi nyeupe, akatangaza kwamba alikosea katika jambo lile. Hakuacha kupigania haki za watu wake hata alipouawa mwaka 1965. Aliacha ngazi, hakuacha haki. Wengi hudhani kwamba mtu hawezi kuviacha kimoja bila ya kingine.

Najua patakuwa na wenye kunijibu. Wa kwanza atasema: "Wafananishaje? Mwingereza alikuwa na sheria, jela na bunduki. Sisi ni maneno ya barazani tu." Ni kweli, wala si uzito mmoja. Sheria ile iliunyima umma mzima shule na ardhi. Neno la barazani halifiki huko. Lakini mtoto hapimi uzito kwa ratili. Yeye husikia "hapa si pako", na hujifunza. Nalo neno la barazani ndilo lililo katika uwezo wetu; bunduki ya Mwingereza hatukuwa nayo.

Wa pili atasema: "Kufu ni jambo la sheria, na wanavyuoni wameliandika." Naam, wameliandika. Lakini waliliandika ili kumlinda mwanamke asiozwe kwa asiyemfaa, nalo ni haki yake yeye na walii wake, ambayo waweza kuisamehe. Na madhehebu ya Imamu Malik yametazama dini zaidi kuliko nasaba. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwoza Zaynab binti Jahsh, mtoto wa shangazi lake, kwa Zayd bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Na sahaba mkubwa Abu Dharr alipomtukana mtu kwa weusi wa mama yake, Mtume alimwambia kwamba ndani yake mngali na ujahili. Hakumwambia kwamba ametoka katika dini. Alimwonesha kitu cha zamani kilichobaki ndani yake. Hivyo ndivyo sisi tulivyo. Kuligeuza kufu, lililowekwa kuwa ngao ya binti, likawa fimbo ya kumpigia mposaji, huko ni kuitumikisha sheria kwa matamanio yetu.

Basi tufanyeje? Sina dawa kubwa. Nina mambo matatu ya nyumbani.

La kwanza, tuwasimulie watoto wetu dhuluma tulizotendewa, tusizifiche kama baba alivyonificha kwa huruma yake, wala tusizisimulie kwa kujisifu. Na kila tunapowasimulia tuliyotendewa, tuwasimulie na tuliyotenda. Habari ya upande mmoja humfanya mtoto ahesabu deni la watu tu, na mwenye kuhesabu deni la watu peke yake husahau lake.

La pili, tunapomsikia mtoto akimwita mwenziwe chogo, au mshenzi, au kumcheka kwa nywele zake na lugha ya mama yake, tusikimbilie bakora. Tumwulize: maneno hayo umeyatoa wapi? Tujitayarishe kwa jawabu, kwani huenda akasema, "Nimeyasikia kwako."

La tatu, anapokuja mgeni mlangoni petu kwa posa, au kwa kazi, au kwa kutaka kusomesha katika madrasa zetu, suali la kwanza tulilo nalo ulimini tulimeze, tuanze na la pili. Kwani mara nyingi la kwanza si letu. Tumerithishwa na waliotukanyaga.

Milimani ya Kisumu hii leo hukaa mtu yeyote mwenye fedha, na ule ufuo niliofukuzwa sasa hukanyagwa na watoto weusi hata wasijue kwamba ulikatazwa. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Kikopo cha baba ningali ninacho. Zamani nilikionesha wajukuu wangu ili wajue tulivyoonewa. Siku hizi nikikionesha huwasimulia habari mbili, ya baba yangu na ya yule seremala wa Kwale, nao huniuliza ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Huwajibu kama nilivyowajibu nyinyi.

Wa billahi tawfiq.